Nyuki Wapweke wa Ardhini wa Kilimanjaro
Nyuki wapweke wa ardhini, wakiwemo wa jenasi ya Amegilla, hawana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba kishimo chake kwenye udongo usiolimwa, akaweka humo chavua, yaani unga wa maua, akataga yai juu yake na kukiziba chumba hicho cha yai. Katika miteremko ya Kilimanjaro aina za nyuki hupungua kadiri baridi inavyozidi kuelekea kilele cha Kibo (mita 5,895), na kwa bahati mbaya tambarare za joto zilizo karibu na mji wa Moshi ndizo zilizogeuzwa mashamba zaidi. Plau huvunja vyumba vya mayai na viuatilifu huua majike, hasara nzito kwa mkulima, kwani Amegilla hulitetemesha ua la nyanya mpaka chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali hawaiwezi. Hifadhi ya nyuki hawa wa ardhini huanzia kwenye kingo za mashamba na vihamba, bustani za migomba na kahawa za Wachaga, zikiachwa bila kulimwa wala kupuliziwa dawa.