Jack Harrison

Jack Harrison (12 Novemba 1890 – 3 Mei 1917) alikuwa mwalimu, winga wa klabu ya raga ya Hull na ofisa wa jeshi la Uingereza, aliyeuawa Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Alizaliwa mjini Hull, akasomea ualimu York. Huko alianza kucheza raga ya wachezaji 13, mchezo uliozaliwa mwaka 1895 baada ya klabu za kaskazini mwa Uingereza kujitenga ili ziweze kuwafidia wachezaji ujira walioukosa kazini. Mwaka 1912 alirudi kwao, akawa anafundisha shuleni na kuichezea Hull.

Mbio zake zilikuwa balaa kwa mabeki. Katika mechi 116 alifunga trai 106. Msimu wa 1913–14 pekee alifunga 52, rekodi ya klabu ambayo hakuna aliyeivunja. Aprili 1914 Hull iliishinda Wakefield Trinity 6–0 katika fainali ya Kombe la Challenge, na moja kati ya trai mbili za siku hiyo ilikuwa yake.

Septemba mwaka huo alimwoa Lillian. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Alijiunga na jeshi, na mwaka 1916 akapewa cheo cha luteni usu katika Kikosi cha East Yorkshire.

Alfajiri ya 3 Mei 1917, kwenye msitu wa Oppy nchini Ufaransa, aliwaongoza askari wake gizani kuyavamia mahandaki ya Wajerumani. Wakarudishwa nyuma. Akawapanga upya, wakashambulia tena, wakashindwa tena. Bunduki ya rashasha ilikuwa ikiwamaliza watu wake. Harrison akaikimbilia peke yake, akiwa na bastola na guruneti. Bunduki ikanyamaza, lakini yeye hakurudi. Mwili wake haukupatikana. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Arras.

Mwaka 1918 Mfalme George wa Tano alimkabidhi Lillian Nishani ya Victoria ya mumewe, ambayo ndiyo ya juu kabisa ya ushujaa nchini Uingereza. Mtoto wao wa kiume, ambaye pia aliitwa Jack, alikua akawa ofisa wa jeshi. Naye aliuawa Ufaransa mwaka 1940, akilinda Dunkirk.

Mnara wa Harrison, uliozinduliwa mwaka 2003, umesimama nje ya uwanja wa Hull.