Kula ili kutuliza hisia: Kwa nini lawama haziponyi

ULAJI wa kutuliza hisia ni tabia ya mtu kula, si kwa sababu ana njaa, bali ili apoze huzuni, hofu, upweke au hasira. Aghalabu hukimbilia vyakula vyenye sukari au mafuta mengi kama vile vibanzi, keki na biskuti.

Msongo wa mawazo unapodumu, mwili huzalisha kwa wingi homoni ya kotisoli, ambayo huchochea hamu ya kula. Njaa ya kawaida huja polepole na huridhika kwa chakula chochote. Ile itokanayo na hisia huja ghafla, hudai chakula mahususi na haikomi hata tumbo linapojaa.

Baada ya kula, wengi hujilaumu na kuapa kushinda njaa kesho yake. Hapo ndipo tatizo hukita mizizi: lawama huzidisha majonzi, kujinyima huzidisha njaa, na yote mawili humrejesha mhusika kwenye sahani ile ile.

Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, alieleza mwaka 2003 kuwa kujihurumia kuna nguzo tatu: kujitendea wema, kutambua kuwa udhaifu ni sehemu ya ubinadamu, na kuzikabili hisia bila kuzikana wala kuzama ndani yake.

Mwaka 2007, watafiti Claire Adams na Mark Leary walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa kike wa chuo kikuu. Baada ya kula donati, baadhi yao waliambiwa wasijihukumu vikali kwani kila mtu hula hivyo wakati mwingine. Walipopewa peremende baadaye, wenye mazoea ya kujinyima walioambiwa maneno hayo walikula chache kuliko wenzao wa aina hiyo ambao hawakuambiwa.

Kujihurumia, basi, si kujidekeza. Mtu ajiulize kwanza alikula lini. Iwapo ana njaa, ale. Iwapo hana, aitaje hisia inayomsumbua na kuitafutia dawa yake: mchovu apumzike, mpweke azungumze na mwandani wake.

Anayekula kupita kiasi mara kwa mara na kushindwa kujizuia amwone daktari, kwani hali hiyo ni ugonjwa unaotibika. Aliyepitiwa mara moja naye ale mlo unaofuata kama kawaida. Kuteleza si kuanguka.