Chanjo kwa lazima: sheria yasemaje, na nani husamehewa?

1/ Kampeni ya chanjo ikitangazwa tu, kuanzia Wenje hadi Garsen mabishano ni yale yale. Huyu asema mwili ni wangu, yule asema asiyechanja ashtakiwe. Tuangalie historia kidogo, wadau, bila kutaja chama.

2/ Sheria yetu ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya 1921, enzi ya mkoloni. Ndui bado ilikuwa inaua. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, 1977. Hapo jirani tu.

3/ 1980 ikaja KEPI, mpango wa kitaifa wa chanjo za watoto. Akina mama walihimizwa kwenda kliniki na kadi. Kazi kubwa ilifanywa na mhudumu wa afya, si askari.

4/ Uganda wakashika njia nyingine. Sheria yao ya Chanjo ya 2017 inamtia hatiani mzazi asiyechanja mtoto.

5/ Kwetu lazima ilijaribiwa wakati wa Korona. Novemba 2021 serikali ikatangaza: kufikia Desemba 21, hujachanja hupati huduma za ofisi zake ana kwa ana. Wakati huo karibu mtu mzima 1 tu kati ya 10 ndiye aliyekuwa amemaliza dozi! Desemba 14 Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

6/ Je, asiyeweza kuchanjwa? Wapo, kama mwenye mzio mkali, au aliyeishiwa kinga kiasi kwamba chanjo hai ya surua au homa ya manjano ingemdhuru. Kanuni za kimataifa za afya zinamruhusu daktari kumwandikia msafiri sababu za kutochanjwa homa ya manjano. Huo ndio msamaha wa kitabibu. "Sitaki" ni hoja nyingine. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa akubali kwanza, ila kukiwa na hatari kubwa kwa umma yaweza kuwa vingine.

7/ Sasa rudi Wenje. Mto Tana ukifurika barabara hukatika. Mfugaji naye yuko malishoni na ng'ombe wake. Mtoto akikosa dozi hapo, nani amekataa?

8/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akitaka lazima, muulize: sheria gani? Nani atasamehewa, na kwa cheti cha nani? Na dawa yenyewe itatufikia kabla ya faini?