Gitaa la mapajani: Rahisi kuundwa, gumu kwa sikio

KATI ya magitaa yote, hakuna lililo jepesi kwa fundi wa kawaida kujiundia kama gitaa la chuma la mapajani. Hata hivyo, wepesi huo una gharama yake, kwani kazi anayoepushwa seremala humngoja mpigaji.

Ala hii hulazwa juu ya mapaja, nyuzi zikitazama juu. Vidole vya mkono wa kulia hucharaza nyuzi, ilhali mkono wa kushoto huteleza juu yake kipande cha chuma kilicholainishwa. Sauti hupanda na kushuka bila kukatika, mithili ya mtu anayeimba au kulia. Wapenzi wa muziki wa country nchini Kenya, ambao si haba, wameizoea sauti hiyo kupitia rekodi za Hank Williams, ambamo Don Helms alipiga gitaa la chuma. Barani Afrika, Mnigeria King Sunny Ade alitumia ala ya ukoo huo, gitaa la chuma lenye pedali, katika albamu yake ‘Juju Music’ ya mwaka 1982.

Asili yake

Kitovu cha ala hii ni visiwa vya Hawaii. Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 huko Laie, kisiwani Oahu, ndiye anayetambuliwa na wengi kuwa mwasisi wa mtindo huu. Yasimuliwa kwamba akiwa mvulana aliokota bolti kando ya reli, ikagusa nyuzi za gitaa lake, naye akavutiwa na mlio uliotokea. Baadaye, akiwa mwanafunzi katika shule ya Kamehameha, aliuboresha mtindo huo kwa kipande cha chuma laini. Mwaka 1904 alihamia Marekani bara, na maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yakazidi kuueneza muziki wa Hawaii.

Tatizo lilikuwa sauti hafifu, iliyomezwa na ala nyingine za bendi. Mwaka 1932, kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la alumini lenye kinasa sauti cha sumaku, lililobuniwa na George Beauchamp. Kwa umbo lake, liliitwa ‘kikaango’. Hilo ndilo gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni, na lilikuwa la mapajani.

Kwa nini ni rahisi

Gitaa la kawaida lina shingo nyembamba inayotosha kiganjani, na juu yake vipande vya chuma vinavyogawa noti. Vipande hivyo vikipishana kwa kimo hata kidogo, nyuzi hukwaruza. Katika gitaa la mapajani, nyuzi hazigusi shingo kamwe. Alama za noti ni mistari tu ya rangi au kalamu, na ubao waweza kuwa mnene upendavyo.

Anza na ubao mgumu uliokauka vyema, wa mvule, mahogani au hata mgrevilea wa shambani. Urefu wa sentimita 80, upana wa 10 na unene wa 4 watosha. Upige randa na msasa hadi uwe tambarare. Usitumie mbao mbichi, kwa kuwa nyuzi 6 zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya makumi ya kilo, na ubao utapinda.

Pata vipande viwili vya chuma vyenye umbo la herufi L. Kimoja ni kizingiti upande wa vigingi vya kukazia nyuzi. Cha pili ni daraja upande wa mkono wa kulia. Viweke sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine, na uvitie mikwaruzo midogo ili nyuzi zisihame. Nyuzi zikae takriban sentimita moja juu ya ubao. Vigingi vyaweza kutolewa kwenye gitaa lililovunjika.

Kuchora alama, gawanya urefu huo wa sentimita 60 kwa 17.817. Jibu, sentimita 3.4 hivi, ni umbali wa alama ya kwanza kutoka kizingiti. Kisha ugawanye urefu uliobaki kwa nambari iyo hiyo, na kadhalika. Ukikokotoa sawasawa, alama ya 5 itaangukia karibu sentimita 15, ya 7 karibu 20, na ya 12 katikati kabisa, sentimita 30.

Kinasa sauti ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu kadhaa. Aliye mgeni afadhali akinunue au akitoe kwenye gitaa kuukuu. Kiweke milimita chache chini ya nyuzi, ambazo lazima ziwe za chuma. Za nailoni hazisikiki na sumaku. Unganisha pia waya wa ardhi na daraja ili kupunguza mvumo.

Hapa pana hatari isiyofaa kupuuzwa. Umeme wa kinasa sauti ni mdogo mno, lakini amplifaya mbovu isiyo na waya wa ardhi yaweza kupitisha umeme wa nyumbani hadi kwenye nyuzi unazozishika. Amplifaya ya kuungaungwa ikaguliwe na fundi wa umeme kwanza.

Namna ya kulipiga

Patanisha nyuzi, kuanzia ile nene, kwa noti za D, A, D, F kali, A na D. Nyuzi za gitaa la kawaida hulegezwa au hubaki zilivyo, kwa hiyo hazitakatika. Zikichapwa zote pamoja, hutoa sauti kamili ya D. Chuma kikiwa alama ya 5 utapata G, na alama ya 7 utapata A. Kwa sauti hizo tatu waweza kusindikiza tenzi na nyimbo nyingi za country.

Kwa chuma, pini kuukuu ya pistoni kutoka gereji yafaa sana, almuradi iwe nyoofu, laini na ndefu kupita upana wa nyuzi zote. Usikandamize, uzito wake watosha. Kiweke juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake, na vidole vinavyobaki viguse nyuzi kwa nyuma kuzuia mikwaruzo.

Sasa ndipo ugumu ulioahirishwa karakanani hujitokeza. Katika gitaa la kawaida, chuma cha shingoni humsahihishia mpigaji. Hapa hakuna wa kumsahihisha. Karibu na alama ya 12, nusu sentimita tu hupotosha noti kwa takriban thuluthi ya hatua hadi noti ifuatayo, na msikilizaji hutambua.

Dawa ni kuimba noti kwanza, kisha kuitafuta kwa chuma, polepole, kila siku. Mistari uliyochora ni ya kukukaribisha tu. Sikio ndilo linalokufikisha.