Usomaji sura, si utambuzi wa uso

Orodha ya istilahi za tiba iliyonifikia mwaka huu imeandika "utambuzi wa uso" kwa ile teknolojia ya kuchambua picha ya mtoto ili daktari aweze kushuku mapema sindromu ya kinasaba. Orodha ya pili, ya watu waliojitwika kazi ya kuisahihisha ile ya kwanza, imeandika "uchunguzi wa kasoro za uso". La kwanza ni kosa. La pili ni kosa na tusi. Nilipendekeza "usomaji sura" kwa maandishi, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba "halina uzito wa kitaalamu". Kwa kuwa hoja zangu hazikujibiwa huko, naziweka hapa.

Kutambua ni kujua aliye mbele yako ni nani. Ndiyo maana mzizi huo umetupa "kitambulisho". Simu inayofunguka inapomwona mwenyewe inatambua uso, na hapo istilahi imekaa mahali pake. Lakini mashine ya daktari haiulizi mtoto ni nani. Jina lake limo kwenye faili. Inatazama nafasi kati ya macho, pembe za macho zilivyoinuka au kuinama, mfereji ulio kati ya pua na mdomo, masikio yalivyokaa, kisha inatoa orodha ya sindromu zinazokaribiana na sura hiyo. Programu ya DeepGestalt, iliyoelezwa katika jarida la Nature Medicine mwaka 2019, ilifundishwa kwa picha zaidi ya 17,000 za sindromu zaidi ya 200. Ilipopewa picha 502 mpya, sindromu sahihi ilikuwamo kati ya kumi za kwanza kwa asilimia 91. Ni kazi kubwa. Lakini orodha ya majina kumi ni dhana za kuchunguzwa, na hakuna Mswahili anayesema amemtambua mtu huku akitaja watu kumi.

Sasa "kasoro". Neno hili tumelitoa katika Kiarabu, na maana yake ni upungufu. Likifuatana na uso wa mtoto, linaamsha neno jingine la kwetu wenyewe, "kuumbua". Kuumba ni kufanyiza, umbo na umbile ni matokeo yake, na kuumbua ni kulitangua umbo la mtu mbele za watu, kumfedhehesha. Mama aliyebeba mtoto wake hadi kliniki akaambiwa anakwenda kuchunguzwa kasoro za uso, amesikia kwamba mwanawe anaumbuliwa. Tiba imekwisha kupita njia hii ikajuta. Mwaka 1866 John Langdon Down aliwaeleza watoto wenye sindromu ambayo leo ina jina lake kwa kuwafananisha na watu wa Mongolia, na jina hilo likawashika. Mwaka 1959 kundi la watafiti wa Paris lilionyesha kwamba chanzo ni kromosomu ya 21 iliyozidi, na mwaka 1961 wanasayansi wakaandika katika The Lancet kutaka jina lile liachwe. Shirika la Afya Duniani liliacha kulitumia mwaka 1965, Mongolia yenyewe ilipolalamika. Waandaaji wa orodha ya pili walipaswa kuyajua haya kabla ya kushika kalamu.

Nakuja kwenye "kusoma", kitenzi ambacho kamati zinakidharau kwa sababu kila mtoto wa darasa la kwanza anacho. Ni kitenzi cha zamani tunachoshiriki na ndugu zetu: Waganda wana okusoma, Wanyarwanda wana gusoma. Nacho kina mikono miwili. Tunasema "anasoma barua" na tunasema "amesoma", yaani ameelimika. Hivyo ndivyo mashine hii ilivyo: kwanza husoma kwa kufundishwa, kisha husoma sura iliyowekwa mbele yake, na kusoma kwake kwa pili hakuwezi kuzidi kusoma kwake kwa kwanza. Utafiti uliolinganisha watoto wa Kongo na wa Ubelgiji wenye sindromu ya Down, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha jambo hili bila kificho. Programu ya Face2Gene ilipatia kwa asilimia 80 ya watoto wa Kibelgiji na asilimia 36.8 tu ya watoto wa Kikongo. Ilipofundishwa zaidi kwa picha za Waafrika, ikapanda hadi karibu asilimia 95 kwa hao hao Wakongo. Watoto walikuwa na sindromu ile ile; msomaji ndiye alikuwa hajasoma sura za kwao. Ukisema "utambuzi umeshindwa", lawama inaweza kumwangukia mtoto. Ukisema "imesoma vibaya", kila mtu anajua wa kurekebishwa ni nani.

Na kwa nini "sura", si "uso"? Uso ni ngozi na mfupa wa mbele ya kichwa. Sura, kutoka Kiarabu, ni umbo na mfano wa kitu, na ni ndugu wa damu na "taswira". Kwa hiyo picha imo ndani yake tayari. Waundaji wa DeepGestalt wenyewe walikwenda kuazima neno la Kijerumani lenye maana ya umbo linaloonekana lote kwa pamoja. Sisi hatukuhitaji kuazima tena. Lipo pia "sura" la kitabu, lililotoka katika neno jingine la Kiarabu lenye herufi ya sini badala ya swadi, na Kiswahili kikayakutanisha. Wapinzani wangu wanasema hapo pana utata. Mimi nasema pana bahati, kwa kuwa sura ya kitabu nayo husomwa, na hakuna aliyewahi kupotea kati ya hizo mbili.

Hoja yao yenye nguvu ni moja: kwamba kusoma sura kunanuka ramli, na firasa ya Waarabu wa kale iliyodai kujua tabia ya mtu kwa paji lake. Naijibu hivi. Uso hufanyizika katika majuma ya mwanzo ya mimba, na baadhi ya vinasaba vinavyouongoza ndivyo vinavyouongoza moyo; na sindromu ya Williams huonekana usoni na kwenye mshipa mkuu wa damu. Kinachosomwa ni historia ya ukuaji, wala hakuna anayeagua tabia.

Matumizi ni mepesi: "Mama Neema, tutampiga mtoto picha tuisome sura yake, kisha tutapima damu tuhakikishe."

Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha. Wanaoandaa toleo lijalo la orodha hizo waandike "usomaji sura", na "kasoro za uso" walifute kabla halijafika kwenye fomu za hospitali.