Mufwankolo: michezo ya televizyo nayo ni urithi

Sisi watu wa Kamina tukitaja desturi, tunafikiri kwanza ngoma, mbudye na masimulizi ya wazee. Lakini tusisahau michezo ya televizyo. Wakati wa Zaïre, kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilicheza kwa Kiswahili chetu, kile cha mu nyumba na cha mu soko.

Mwaka 1986, profesa Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, aliwauliza maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa nzima. Hawakumujibu kwa maneno tu: walitunga mchezo juu ya chifu na kijiji chake, wakaucheza mbele ya kamera kule Kawama.

Hawakushika karatasi. Kila mcheza alijua njia ya hadithi. Maneno aliyatafuta mwenyewe. Huu mchezo umebaki kwa sababu Fabian alirekodi mazoezi, akayaandika katika kitabu cha 1990. Na ile mingine? Mingi imebaki mu vichwa vya wazazi wetu tu. Basi tuwaulize, tuandike majina, vichekesho na methali, mbele wasituache.