Mti Aliokataa Kapteni Young

Binamu yangu ameishi Fresno, California, miaka 11, na hajawahi kulala kwa hema. Nilipomwambia twende milimani tukapige kambi, alicheka. "Hayo ni mambo ya wazungu, bana. Sisi tulitoka kijijini ili tusilale chini tena."

Alikubali tu kwa sababu mimi ndiye mgeni.

Tuliondoka alfajiri na gari lake, tukapanda kona baada ya kona hadi Giant Forest, msitu wa miti ya sequoia. Ule unaoitwa General Sherman una urefu wa karibu mita 84, na kwa ujazo wa shina ndio mti mkubwa kuliko yote duniani. Picha haisaidii. Ukisogea karibu unapata gome jekundu tu. Ukirudi nyuma upate kilele, binamu yako anageuka siafu.

Mimi lakini nilikuwa nimefuata habari ya barabara. Si hii ya lami tuliyopanda nayo, ambayo ilifika Giant Forest mwaka 1926, bali iliyoitangulia. Ilianzishwa 1886 na wajamaa wa Kaweah, watu waliotaka kupasua mbao na kuishi bila tajiri wala kibarua. Mti huohuo wa General Sherman wao waliuita Karl Marx! Mwaka 1890 serikali ikaufanya msitu kuwa hifadhi ya taifa, na wajamaa wakapoteza ardhi waliyoidai. (Nao walikuwa wameipata wapi? Wenyeji, jamii ya Wamono, walikuwa hapo kabla ya wote.) Barabara ikabaki njiani.

Ndipo anaingia Charles Young. Alizaliwa Kentucky 1864, wazazi wake wakiwa watumwa. Mwaka 1889 akawa mtu mweusi wa tatu kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point. Kiangazi cha 1903 alitumwa kusimamia hifadhi hii, maana enzi hizo jeshi ndilo lililolinda misitu, na akaja na wanajeshi weusi wa kikosi cha tisa cha farasi. Walisafiri siku 16 kutoka San Francisco. Kazi iliyokuwa ikisuasua miaka na miaka, wao na vibarua waliowaajiri waliimaliza msimu mmoja. Kufikia Agosti, mikokoteni ya farasi iliingia Giant Forest kwa mara ya kwanza. Kisha wakaisogeza barabara hadi chini ya Moro Rock, lile jabali ambalo watalii hupanga foleni kulipanda.

Watu wa eneo hilo walifurahi, wakataka kuupa mti mmoja jina lake. Young akakataa. Akapendekeza uitwe Booker T. Washington, na kuhusu yeye akasema wangoje miaka 20. Wakiwa bado na nia hiyo, sawa.

Jibu hilo limenikaa kichwani. Wengine wanaliita unyenyekevu. Mimi nasoma mtu aliyejua jinsi makofi ya wazungu yanavyoisha haraka. Mwaka 1917 jeshi lilimstaafisha kwa madai ya ugonjwa, vita vikuu vikiendelea na yeye akikaribia cheo cha jenerali. Alipanda farasi kutoka Ohio hadi Washington, karibu kilomita 800, kuonyesha kwamba ni mzima. Walimrudisha kazini vita vikiwa vinaisha.

Miaka 20 ingetimia 1923. Young alifariki Lagos, Nigeria, Januari 1922, akiwa mwakilishi wa kijeshi wa Marekani nchini Liberia. Alizikwa hukohuko, na mwaka huo wa 1923 mwili wake ukapelekwa makaburi ya Arlington. Mti wenye jina lake? Ulipatikana 2004.

Jioni tulifungia chakula, sabuni na hata dawa ya meno ndani ya sanduku la chuma kwa sababu ya dubu. Nilimsimulia binamu haya yote tukila maharagwe ya mkebe. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Miaka 11 niko hapa chini," akasema, "na hakuna mtu aliyeniambia."

Akachukua tochi kwenda kuhakikisha sanduku limefungwa. Mara ya tatu hiyo.